Kuushika mkasi au kudaka kilichokatwa: ADAM17 na sindano za kuzuia TNF

Dada yangu wa Tanga, binti wa baba mdogo, ana baridi yabisi ya viungo mwaka wa sita sasa. Methotreksati, dawa ya msingi ya ugonjwa huo, ameitumia hadi kipimo cha juu, akaongezewa vidonge vingine, bado asubuhi vidole vyake haviwezi kufunga kifungo cha gauni. Daktari akamwambia wakati wa sindano za kuzuia TNF umefika, akamtajia tatu na kumpa wiki mbili za kutafakari. Akanipigia mimi kwa kuwa nimesomea famasia. "Kaka, nichague ipi?" Kabla sijajibu akaongeza jingine: amesoma kwamba hiyo TNF haitoki yenyewe kwenye seli, kuna kimeng'enya kinachoikata. "Sasa si wakizuie hicho kimeng'enya, mambo yaishe?"

Swali la pili ndilo lenye jibu la lile la kwanza, kwa hiyo naanza nalo.

Mkasi wenyewe

Kwanza neno. Nikisema uvimbe humu nazungumzia ule wa joto, wekundu na maumivu unaoletwa na kinga ya mwili, si uvimbe wa saratani. Kiswahili kimeyabebesha neno moja mizigo miwili, na zahanati nyingi zimeshawahi kumtisha mgonjwa bure kwa sababu hiyo.

TNF ni protini inayopiga mbiu ya uvimbe. Makrofaji, aina mojawapo ya seli nyeupe, huitengeneza ikiwa imejishikiza kwenye utando wa nje wa seli, mkia ndani na kichwa nje, tatu tatu pamoja. Pale kila moja ina uzito wa kilodaltoni 26 hivi. Kimeng'enya ADAM17 kinakaa kwenye utando huohuo, na penye makali yake pana chembe ya zinki. Kinakata kati ya asidi amino ya 76 na ya 77, kipande cha kilodaltoni 17 kinaachia na kwenda zake kwenye damu na maji ya viungo. Seli inapukutisha protini jinsi mbuyu unavyopukutisha majani kiangazi, isipokuwa majani haya yakitua kwenye goti la mtu goti linafura.

Timu mbili zilikitenga kimeng'enya hiki na kutangaza pamoja kwenye jarida la Nature mwaka 1997: Roy Black na wenzake wa kampuni ya Immunex ya Seattle, na Marcia Moss na wenzake wa Glaxo. Wakakiita TACE, kigeuza TNF. Shauku ilikuwa kubwa, kwa sababu miaka mitano kabla, London, Marc Feldmann na Ravinder Maini walikuwa wameanza kuwapa wagonjwa wa baridi yabisi kingamwili dhidi ya TNF na kuona viungo vinatulia. Hoja ikawa ileile ya dada yangu: kingamwili ni ghali na hupitia kwenye sindano, ilhali kimeng'enya kinaweza kuzuiwa kwa kidonge.

Tatizo ni kwamba mkasi huu haukati TNF peke yake. Protini zinazojulikana kukatwa nao zimepita 80. Hukata kipokezi cha IL-6, protini nyingine inayochochea uvimbe, na kipande kinachoelea humo kinawezesha seli ambazo kwa kawaida hazisikii IL-6 ziisikie, hivyo uvimbe unatanuka. Hukata L-selektini, mkono ambao seli nyeupe hujishikia kwenye ukuta wa mshipa. Hukata ACE2, mlango ambao kirusi cha UVIKO-19 huingilia. Hukata TGF-alfa na amfiregulini, ambazo kazi yake ni kuziambia seli za ngozi na utumbo zikue na kuziba mapengo.

Na hukata vipokezi vya TNF vyenyewe. Hapa ndipo mambo yanapogeuka. Kipokezi kikishakatwa hakiwezi tena kupeleka habari ndani ya seli, na kikiwa kinaelea kinadaka TNF njiani kabla haijafika popote. Maana yake ADAM17 anamwaga petroli kwa mkono wa kulia na maji kwa wa kushoto. Kuna ugonjwa wa kurithi uitwao TRAPS, wa homa zinazorudi mara kwa mara na maumivu ya tumbo, unaotokana na hitilafu kwenye kipokezi cha kwanza cha TNF. Jeni yake ilipopatikana mwaka 1999, maelezo ya mwanzo yalikuwa kwamba kipokezi kile hakipukutiki inavyotakiwa. Baadaye ilionekana si kila mgonjwa anaingia katika maelezo hayo, lakini funzo la kimsingi lilibaki: mwili huwa unahitaji mkasi huu ili kuzima, si kuwasha tu.

Njia ya kwanza: kuzuia mkasi

Kwenye karatasi, faida zake ni nyingi. Kidonge badala ya sindano. Hakihitaji friji. TNF na kipokezi cha IL-6 vinashughulikiwa kwa mpigo mmoja.

Panya waliozaliwa bila ADAM17 inayofanya kazi walionyesha bei yake mapema, mwaka 1998: wengi walikufa karibu na kuzaliwa, na walizaliwa macho wazi kwa sababu kope hazikupata ishara ya kukua na kufunga. Kwa binadamu ushahidi ulikuja mwaka 2011, kwenye New England Journal of Medicine, kupitia ndugu wawili waliorithi jeni ya ADAM17 iliyokatika. Mtu angetarajia watoto wasio na mkasi wa TNF wawe na uvimbe mdogo. Walikuwa na vipele vya usaha na kuharisha tangu uchanga. Ngozi na utumbo wao vilikuwa kama ukuta usiosilibwa, na kila kilichopita kiliamsha kinga. Msichana alifariki akiwa na miaka 12, virusi viliposhambulia moyo wake. Kaka yake aliishi hadi utu uzima, akiwa na ngozi isiyoisha matatizo. Wanaotumia dawa za saratani zinazoziba EGFR, kipokezi cha ishara za ukuaji, wanalijua jambo hili kwa udogo wake: vipele usoni na tumbo la kuharisha, kwa kuwa ni mfereji uleule wa ishara za ukuaji unaozibwa.

Vidonge vilijaribiwa hata hivyo. Apratastati ya Wyeth ilifika kwa wagonjwa wa baridi yabisi na haikuonyesha nguvu ya kutosha. BMS-561392 ya Bristol-Myers Squibb nayo ikaachwa njiani. Kikwazo kimojawapo ni ile chembe ya zinki. Vimeng'enya vingine vingi vya mwili vina makali ya aina hiyohiyo, na dawa inayoishika zinki ya mmoja hushika na ya jirani. Kikwazo cha pili hakizungumzwi sana: ukiuzuia mkasi, TNF haipotei. Inabaki imejishikiza kwenye seli, na hapo bado inaweza kugusa seli ya jirani na kuipa habari, huku vile vipokezi vya kudaka navyo vimeacha kumwagwa.

Kwa hiyo dada yangu hawezi kuichagua njia hii, hata kama angetaka. Hakuna duka la dawa duniani linalouza kizuia ADAM17 kwa ajili ya baridi yabisi. Nalisema kwa herufi nzito kwa sababu nimeonyeshwa kopo la unga linalodai kufanya kazi hiyo, na muuzaji alikuwa na koti jeupe.

Njia ya pili: kuacha mkasi ukate, udake kilichokatwa

Hizi ndizo dawa zilizopo, na ndani yake kuna aina mbili ambazo watu huzichanganya.

Etanasepti, iliyotoka kwa jina la Enbrel mwaka 1998, ni kipande cha kipokezi cha pili cha TNF, viwili viwili, kilichoungwa kwenye mkia wa kingamwili ili kisitoke mwilini haraka. Kwa maneno mengine, ni nakala ya kile ambacho ADAM17 hupukutisha kwa faida yetu. Waliotengeneza? Immunex, kampuni ileile iliyotenga mkasi mwaka 1997. Walikuwa na mkasi mkononi, na kilichowapa dawa ni jani lake. Hadithi hii huwa naipenda kuliko inavyostahili.

Infliksimabu, maarufu kwa jina la Remicade, na adalimumabu, maarufu kwa jina la Humira, ni kingamwili kamili. Zinashika TNF inayoelea, na zinashika kwa nguvu TNF ambayo bado imeng'ang'ania kwenye seli, ile isiyokatwa. Etanasepti nayo huigusa hiyo ya pili, ila mshiko wake ni dhaifu na huachia upesi.

Tofauti hiyo moja ndiyo inayodhaniwa kueleza mengi yanayofuata. Kwenye baridi yabisi ya viungo, zote tatu zinasaidia kwa kiwango kinachokaribiana, kwa hiyo usikubali mtu akuambie moja ni ya "wagonjwa sana" na nyingine ya mwanzo. Kwenye ugonjwa wa Crohn wa utumbo, infliksimabu na adalimumabu zinafanya kazi, etanasepti ilijaribiwa ikashindwa. Jicho likiwa na uvimbe wa ndani unaojirudia, adalimumabu ina kibali cha kazi hiyo na etanasepti si chaguo zuri. Mwenye viungo pamoja na tumbo, au viungo pamoja na macho, ameshapata jibu lake hapa.

Kwa mtu wa kwetu, hata hivyo, swali kubwa ni kifua kikuu.

Mwili ukishindwa kuua bakteria wa kifua kikuu huwajengea ukuta wa seli na kuwafungia ndani, na mtu anaishi nao miaka bila kukohoa hata mara moja. Ukuta huo unashikiliwa na TNF, ikiwemo ile iliyobaki kwenye utando wa seli. Ukiiondoa, ukuta unabomoka. Mwaka 2001 Marekani ilitoa hesabu ya wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya infliksimabu: 48 kati yao walikuwa wamepata dripu tatu au pungufu, na 40 walikuwa na ugonjwa nje ya mapafu, ambako kikohozi hakimwambii mtu kitu. Rejista ya Uingereza ya wagonjwa wa baridi yabisi, mwaka 2010, ilipanga dawa hivi, kwa visa vya kifua kikuu katika kila miaka 100,000 ya matumizi ya mgonjwa: etanasepti 39, infliksimabu 136, adalimumabu 144. Hiyo ni Uingereza. Kwetu, ambako watu wazima wengi wamewahi kukaa daladala moja au chumba kimoja na mwenye kifua kikuu, pengo hilo kati ya dawa na dawa lina uzito zaidi.

Kwa hiyo kabla ya yoyote kati ya hizo tatu: picha ya kifua, na kipimo cha ngozi au cha damu cha kifua kikuu kilicholala. Kipimo cha ngozi husumbuliwa na chanjo ya BCG tuliyochanjwa wengi wetu, cha damu hakisumbuliwi nayo, na vyote viwili vinaweza kusema uongo kwa mtu ambaye tayari yuko kwenye prednisoloni, dawa inayopunguza nguvu ya kinga. Kikiwa chanya, unaanza dawa ya kukinga kifua kikuu kisiamke, isoniazidi au mseto wake, na kwa kawaida daktari husubiri angalau mwezi kabla ya sindano ya kwanza. Pima pia homa ya ini B, maana nayo huamka. Na aliye na moyo kushindwa wa kiwango kikubwa aseme mapema: etanasepti na infliksimabu zote mbili zilijaribiwa kama tiba ya moyo, ya kwanza haikusaidia na ya pili kwa dozi kubwa ilidhuru.

Mazoea ya kila siku nayo yahesabiwe. Etanasepti ni miligramu 50 chini ya ngozi kila wiki. Adalimumabu ni miligramu 40 kila wiki mbili. Infliksimabu ni dripu hospitalini, mwanzo, wiki ya 2, wiki ya 6, kisha kila wiki 8, na kwa baridi yabisi hutolewa pamoja na methotreksati ili mwili usiitengenezee kingamwili zake. Anayekaa mbali na hospitali ya rufaa apige hesabu ya nauli na ya kulala kwa ndugu. Upande mwingine, dripu haimhitaji mtu kuwa na friji, na sindano za nyumbani zinaihitaji: nyuzi 2 hadi 8. Kijikaratasi cha Humira huruhusu hadi siku 14 nje ya friji, na cha Enbrel cha Ulaya hadi wiki 4, mradi joto lisizidi 25 hivi. Nyuzi 25 Tanga mwezi wa Februari ni ndoto. Umeme ukikatika, kibebeo chenye vipande vya barafu, sindano isigusane na barafu, kwa sababu iliyoganda hutupwa.

Kuna faida moja ya etanasepti inayofichwa na jedwali la dozi. Inaondoka mwilini upesi, nusu yake kwa siku 3 hadi 5, wakati adalimumabu inachukua kama wiki mbili. Ukipata nimonia au ukihitaji upasuaji wa haraka, dawa inayoondoka ndani ya wiki chache ni rafiki zaidi kuliko inayobaki miezi miwili au zaidi.

Mwanamke anayetarajia kuzaa aulize habari ya sertolizumabu, kizuia TNF kisicho na mkia wa kingamwili na hivyo hakivuki kondo la nyuma kwa kiasi cha maana. Methotreksati lazima iachwe kabla ya mimba, hilo halina mjadala. Na jambo linalosahaulika huku kwetu: mtoto hupewa BCG siku za kwanza kabisa, na BCG ni bakteria hai. Mtoto ambaye mama yake alikuwa kwenye infliksimabu alifariki baada ya chanjo hiyo, kisa kilichoripotiwa mwaka 2010. Kama ulitumia infliksimabu au adalimumabu ujauzitoni, waambie wauguzi wa wodi ya wazazi kabla hawajamshika mtoto mkono. Chanjo hai husubiri angalau miezi 6, na kwa infliksimabu maelekezo ya Ulaya yanasema 12.

Njia nyingine mbili, kwa ufupi

Mwaka 2012 maabara mbili, moja ya Cambridge na nyingine ya Toronto, zilionyesha kwamba ADAM17 haifiki kazini peke yake. Husindikizwa na protini iitwayo iRhom2, na kwenye makrofaji msindikizaji ni huyo pekee, ilhali tishu nyingine zina mwenzake iRhom1. Panya wasio na iRhom2 walikosa TNF ya kupukutika lakini waliishi vizuri, macho yamefungwa inavyopaswa. Kama kuna mahali ambapo ndoto ya kidonge bado inapumua, ni hapo: mkasi uzuiwe kwenye seli za uvimbe, uachwe kwenye ngozi. Ila iRhom2 nayo ina miiba. Mabadiliko kwenye jeni yake ndiyo yaliyopatikana, mwaka huohuo, kwenye koo zenye ugonjwa wa ngozi nene ya viganja na nyayo unaoambatana na saratani ya umio, mmojawapo ukiwa ukoo wa Liverpool uliofuatiliwa kwa miongo. Hakuna dawa ya kuchagua hapa kwa sasa.

Tosilizumabu haigusi TNF kabisa, inaziba kipokezi cha IL-6, kile kinachoelea na kile kilichobaki kwenye seli. Ni dawa nzuri kwa ambaye vizuia TNF vimemshinda, au ambaye methotreksati haimkubali kabisa. Inashusha CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe, hadi karibu na sifuri hata mtu akiwa na maambukizi, hivyo daktari wa zamu asiyejua unaitumia anaweza kusoma karatasi ya maabara na kukurudisha nyumbani na nimonia yako.

Nilichomjibu

Yeye hana shida ya tumbo wala macho. Mume wake alitibiwa kifua kikuu miaka minne iliyopita, na kipimo cha damu cha dada kilirudi chanya. Friji anayo, umeme hukatika. Kuzaa alishamaliza. Nikamwambia: kwa hali yako, mimi ningeanza na etanasepti, baada ya kumeza dawa za kukinga kifua kikuu kwa mwezi wa kwanza, kisha uendelee nazo hadi uzimalize zote, na methotreksati ibaki palepale, mara moja kwa wiki, siku ileile. Nilikazia hilo la wiki, maana nimeona aliyeimeza kila siku na damu yake ikakauka kama kisima cha Dodoma.

Nikamwambia pia aulize kama kuna nakala ya etanasepti inayotengenezwa na kampuni nyingine, ambazo kwa kawaida ni nafuu, na kwamba Shirika la Afya Duniani liliweka adalimumabu kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, na wenzake wakitajwa kama mbadala. Hoja hiyo husaidia unapobishana na bima. Bima watoe jibu kwa maandishi kabla ya sindano ya kwanza, si baada ya ya tatu.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ina maana mwili wake ulikuwa ukitengeneza dawa hiyo wakati wote. Nikasema ndiyo, kidogo, haitoshi. "Basi tutauongezea," akasema, na kuniuliza kibebeo cha barafu kinauzwa wapi.